Jogoo anayepiga mluzi usiku: ndui ya kuku na unachoweza kufanya leo

"Shikamoo daktari. Naishi Mabokweni, Tanga. Nafuga kuku wa kienyeji 34, wakiwemo majogoo wawili wa kuchi. Masika ilipokuwa inamalizikia niliona tembe mmoja ana vijipele vyeupe kwenye upanga, nikadhani kadonolewa. Wiki iliyofuata wakawa watano. Sasa ni wiki ya tatu, nina kuku 11 wenye vidonda vyeusi vilivyokauka kama magome, kwenye upanga, pembeni mwa mdomo na kwenye kope. Mitetea wawili macho yote yamefunga. Vifaranga watatu wamekufa. Jogoo mmoja hana kidonda hata kimoja usoni, lakini usiku anatoa sauti kama anapiga mluzi na mchana anahema kwa kuachama. Jirani kaniambia nivibandue vile vidonda nipake mafuta ya taa na chumvi. Dukani wameniuzia OTC, leo siku ya nne naiweka kwenye maji ya kuku wote, sioni tofauti. Mwingine anasema nichinje wote nianze upya. Kinachonichanganya ni kwamba kuku hawa niliwachanja mwezi wa pili, tone moja jichoni kila mmoja. Na mwanangu wa miaka sita katoka tetekuwanga wiki hii hii. Kaambukizwa na kuku? Mayai tule au tumwage?"

Marahaba, dada yangu. Pole kwa vifaranga, na mtoto apone haraka. Maswali yako ni mengi na yote nitayafikia, ila naomba tuanze na huyo jogoo asiye na kidonda, maana katika kuku wote uliowataja yeye ndiye aliyenishtua. Wenye vigaga vyeusi wanatisha kwa sura. Yeye anatisha kwa sauti.

Mwite mtu akushikie mbawa zake, wewe umfungue mdomo na kumulika kwa tochi ya simu. Tazama juu ya ulimi, paa la kinywa, pembe za mdomo, kisha nyuma kabisa ya ulimi, pale penye kijitundu kinachofunguka na kufumba kila anapovuta pumzi. Hapo ndipo mlangoni pa koo la hewa. Ukiona utando mzito wa njano au wa rangi ya maziwa, kama ukoko wa uji uliogandia pembeni mwa sufuria, basi jogoo wako ana ndui kama wenzake. Tofauti ni kwamba yake imetokea ndani. Ule mluzi ni hewa inayojipenyeza kwenye mwanya uliokwisha kuwa mwembamba.

Usiuvute huo utando. Umeshikamana na nyama, na ukiung'oa damu hutoka na kuteremkia kwenye njia ya hewa. Kuku hufa mkononi mwako nawe unadhani unamsaidia. Usimnyweshe kitu chochote kwa bomba la sindano, atakivuta mapafuni. Mweke kivulini peke yake, asikimbizwe, mpe pumba iliyololoweshwa, na umtafute afisa mifugo wa kata leo hii. Mwenye kibano na uzoefu huweza kuulainisha na kuondoa kipande kinachoziba. Kama upanga umeanza kuwa wa zambarau na anaachama hata akiwa ametulia, amebakiwa na saa chache, na kumchinja ni kumhurumia. Sitakupa matumaini ya uongo: ndui ya ndani huua, na mahali pengine huondoka na hata nusu ya waliopatwa nayo.

Haya, sasa wale 11.

Sijawaona kwa macho, lakini ulivyoeleza inaelekea sana kuwa ndui: vipele vilivyoanza vyeupe vikaishia kuwa vigaga vyeusi, vimekaa mahali pasipo manyoya, vimekuja na mvua, na ugonjwa wenyewe unatambaa. Mmoja, watano, 11, ndani ya wiki tatu. Huo mwendo wa kobe ndio unaonituliza, kwa sababu kideri, wengine mnakiita mdondo, hakiendi hivyo. Kideri kikiingia kuku wanazubaa, wanaharisha kijani, baadhi wanapinda shingo, na baada ya siku chache banda jeupe. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Kideri ni mgeni wa namna hiyo, na huondoka na kuku wako. Ndui hukaa. Kila kuku huugua wiki mbili hadi nne, lakini kundi zima laweza kuzungukwa na ugonjwa miezi miwili, hata mitatu.

Kabla hujakubaliana nami, fanya jaribio dogo. Piga picha ya karibu ya kope za wale mitetea wawili, kisha uikuze kwenye simu. Kuna viroboto wa kuku wanaojikita kwenye kope na upanga kwa makumi, wameganda pale pale, na kwa mbali ungeapa ni ndui. Ukiikuza picha utaona vidoa vya kahawia vilivyolingana, kama mtu amemwaga ulezi, na ukikwaruza kwa ukucha anang'oka mmoja mmoja. Kigaga cha ndui hakilingani na mwenzake, kimeinuka, kimeparara, hakitoki kirahisi. Nimewahi kuitwa mahali mwenye kuku ameshapanga kuwauza wote kwa bei ya kutupa, kumbe ni viroboto, na mafuta ya kupaka mazito yalitosha kuwaziba pumzi. Uso ukivimba na pua kutoa kamasi lenye harufu mbaya, hayo ni mafua ya kuku. Jicho likijaa kitu cheupe kama jibini bila kigaga popote, mara nyingi kuku amekosa mboga za majani kwa muda mrefu.

Sasa nikueleze ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi, maana ukishauelewa utaona mwenyewe kwa nini ushauri wa jirani yako, pamoja na nia yake njema, unaumiza.

Ndui huletwa na kirusi. Kirusi hiki hakiwezi kupenya ngozi nzima. Kinahitaji mtu wa kukifungulia mlango. Mlango wenyewe ni kitundu cha mbu, au alama ya mdomo wa kuku mwenzake, au mkwaruzo. Hapo majogoo wako wa kuchi wana kesi ya kujibu. Kuchi ni wa vita, wakikutana hupasuana upanga na ndevu, na kila tone la damu ni mlango wazi. Kikishaingia, kirusi huzifanya seli za ngozi zivimbe na kuzaana ovyo. Siku ya nne hadi ya kumi tangu kiingie ndipo unaona kipele. Kipele hujaa maji, hugeuka njano, hupasuka, hukauka kuwa kigaga. Chini ya kigaga kuna ngozi mpya inayojengwa polepole. Ikikamilika, kigaga kinaanguka chenyewe na mara nyingi hakiachi hata kovu.

Kile kigaga kikavu unachokiona kama uchafu, ndani yake kumejaa virusi. Kikianguka chini na kusagika kuwa vumbi, virusi vyake hudumu miezi mingi vikingoja mlango mwingine. Ukikibandua kabla ya wakati unafanya makosa matatu kwa mpigo: unafungua jeraha bichi kwa bakteria, unakisambaza kirusi kwa vidole vyako hadi kwa kuku unayemshika baada yake, na unaanza upya kazi ya uponaji iliyokuwa imefika nusu. Mimi nimekifanya hiki. Mwaka wangu wa kwanza kazini, huko Muheza, nilimbandua kuku wa bibi mmoja kigaga cha kope kwa ukucha, mbele ya wajukuu zake, nikijiona fundi. Damu ilichuruzika, na baada ya siku nne jicho likawa limeoza. Bibi hakunilaumu. Aliponiona narudi kuangalia alinifungia machungwa kwenye gazeti niondoke nayo, na yale machungwa yalinichoma kuliko ambavyo angenitukana.

Mafuta ya taa ni mabaya zaidi. Yanababua ngozi ambayo tayari haina kinga, yakifika jichoni yanaunguza, na kuku hujisafisha kwa mdomo, kwa hiyo atayameza na mvuke wake atauvuta. Wanaosema "nilipaka mafuta ya taa wakapona" wanasema kweli kwamba kuku walipona. Wangepona hata wangepakwa unga wa muhogo. Ndui ya nje hupona yenyewe kwa kuku wengi, na hii ndiyo sababu kila mtaa una dawa yake ya ndui na kila mwenye dawa ana ushahidi.

Kuhusu OTC. Hiyo ni antibayotiki, huua bakteria. Kirusi cha ndui hakina habari nayo, ndiyo maana siku nne zimepita huoni kitu. Hakuna dawa ya kuua kirusi hiki, iwe dukani Ngamiani au popote pengine, na anayekuuzia kwa jina hilo anakuuzia maneno. Antibayotiki ina kazi pale tu bakteria wanapojialika: kidonda kinatoa usaha, jicho limevimba na lina harufu, kuku ana kamasi. Kuiweka kwenye maji ya kuku 34 ambao 22 kati yao wazima ni kupoteza hela na kuwazoesha bakteria dawa ambayo kesho utaihitaji. Na kuna hasara nyingine: tangu siku uliyoanza, mayai ya kuku wote waliokunywa yana mabaki ya dawa. Soma kwenye pakiti siku za kusubiri kwa mayai na kwa nyama, uzihesabu kuanzia siku ya mwisho ya dozi. Kwa hiyo mayai ya sasa usile wala usiuze, na kosa si la ndui, ni la OTC. Zungumza na afisa mifugo kama kuna sababu ya kuimalizia dozi. Kwa maelezo uliyonipa mimi siioni, ukiwaacha kando hao wawili wenye macho.

Hao wawili ndio nataka tuwatazame kwa kituo. Kuku wa ndui ya nje hafi kwa ndui, hufa kwa njaa na kiu. Kope zikifunga haoni bakuli, haoni wenzake, anasimama pembeni amejikunyata, na siku ya tano unamkuta amelala chali unasema ndui imemuua. Watenge. Tenga la minazi lililofunikwa chandarua kilichozeeka linatosha, mahali pasipo upepo mkali. Chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, yapoe yawe ya vuguvugu. Chovya pamba safi, ikalie kwenye jicho lililofunga kwa dakika mbili au tatu, bila kusugua. Kinacholainika na kutoka chenyewe ufute, kisicholainika ukiache mpaka jioni. Kope zikifunguka kidogo weka mafuta ya macho ya tetrasaiklini, yale yale ya binadamu, mara mbili kwa siku. Pamba moja kwa jicho moja, kisha uichome.

Chakula wape kwa mkono. Kwanza maji: chovya ncha ya mdomo ndani ya kikombe, mwachie anywe mwenyewe. Kisha pumba iliyochanganywa na dagaa wa kusaga, iliyolowa iwe kama ugali laini, ukimgusisha mdomo mpaka aelewe kilipo. Siku mbili za kwanza itakuchosha. Siku ya tatu atakuwa anaisubiri sauti yako. Wape mchicha, matembele, papai lililoiva, boga; vyakula hivi vinaleta vitamini A, ambayo ndiyo inayojenga ngozi na utando wa macho na koo. Ukipata vitamini za kuku za kuweka kwenye maji, nunua hizo badala ya pakiti nyingine ya OTC.

Wale tisa wengine wenye vigaga vya upanga tu, mradi wanaona na wanakula, karibu nitakuambia uwaache. Ukitaka mikono yako iwe na kazi, wapake ayodini kwa kijiti cha pamba juu ya kigaga, mbali na jicho, mara moja kwa siku. Hiyo huzuia bakteria, na wewe utalala usingizi. Ila wao nao watenge na wazima, kwa sababu kuku akiona kitu chekundu au cheusi kinaning'inia kwa mwenzake hawezi kujizuia kukidonoa. Na majogoo wa kuchi watenganishwe kabisa, huyu mzima aliyebaki asije akapasuliwa.

Sasa mbu, maana bila kumzungumzia yeye tutakuwa tunafuta maji bomba likiwa wazi. Kwa malaria, kimelea humwingia mbu na kukua ndani yake kabla hajaambukiza. Kwa ndui si hivyo. Mbu ni kama sindano isiyochemshwa: anamuuma kuku mgonjwa, mrija wake unachafuka, anamuuma wa pili, wa tatu, wa nne, na anaweza kukaa na kirusi hicho kwa wiki kadhaa. Tanga tuna aina mbili za kuwaogopa. Yuko wa usiku anayezaliana kwenye makaro ya vyoo na mitaro michafu, ndiye huyo anayetusambazia matende na mabusha hapa pwani. Na yuko wa mchana mwenye madoa meupe miguuni, anayezaliana kwenye maji safi yaliyotuama kwenye vyombo, aliyetuletea dengi mwaka 2019. Ukifunga wavu kwenye banda unamzuia wa usiku peke yake. Wa mchana unampata kwa kuzunguka uwanja wako kila Jumamosi na kumwaga: vifuu vya nazi, matairi, makopo, sahani za chini ya vyungu vya maua, na bakuli la kunyweshea kuku lenyewe, ambalo wengi hulisahau. Kaya yenye minazi kama zilivyo za Mabokweni inaweza kuwa na vifuu 50 vimetazama juu baada ya mvua moja. Vigeuze vitazame chini au vifanye kuni. Karo lenye ufa lizibe. Kuku wanaolala juu ya mwembe washushwe bandani, angalau mpaka ndui ipite.

Banda fagia baada ya kunyunyiza maji, usifagie kavu, maana unapepea vumbi la vigaga. Takataka choma. Vyombo osha kwa sabuni, kisha jiki.

Nije kwenye chanjo, kwani naona ndiyo inayokuuma. Hujatapeliwa na hukukosea. Tone jichoni ni chanjo ya kideri. Nyingi ya hizo hapa kwetu ni ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, iliyobuniwa kustahimili joto la vijijini. Inazuia kideri peke yake. Ndui ina chanjo yake, na haitolewi jichoni wala kwenye maji. Hudungwa kwa kisindano cha ncha mbili zenye vijibonde, unakichovya kwenye dawa, unakipitisha kwenye utando mwembamba wa ngozi ya bawa, ule unaouona ukilikunjua bawa na kulitazama kwa chini kwenye mwanga. Unakwepa mshipa, mfupa na manyoya. Sehemu hiyo haipakwi spiriti kwanza, kwa sababu chanjo ni kirusi hai kilichodhoofishwa na spiriti itakiua. Siku ya saba hadi ya kumi unarudi kukagua: ukikuta kijivimbe au kikovu kidogo pale ulipochoma, chanjo imeshika. Usipokuta kitu kwa kuku wengi, dawa ilikuwa imekufa kabla haijafika, mara nyingi kwa kukosa baridi njiani. Inatakiwa kusafiri kwenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa mbili.

Je, uwachanje sasa hao 22 wazima? Hapa wataalamu wenzangu hawaimbi wimbo mmoja, nami nitakupa maoni yangu. Kama wangekuwa wameugua zaidi ya nusu ningesema acha, ugonjwa umeshachanja wenyewe. Lakini kwako theluthi mbili bado wazima, na mvua za vuli ziko mbele. Ningewachanja, ukiipata chanjo ndani ya siku chache, wazima wote siku moja, wagonjwa usiwaguse. Uelewe jambo moja mapema: kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na baadhi ya hao 22 pengine wanatembea na kirusi tayari. Watakaotoa vipele wiki ijayo usiseme chanjo imewaua. Chupa huwa ya dozi nyingi, 100 au zaidi, hivyo zungumza na majirani mchange. Hii ni mojawapo ya chanjo ambazo mtu mmoja mwenye kuku 22 humwaga nyingi kuliko anavyotumia. Kwa vifaranga wajao, lenga umri wa wiki sita hadi nane, na uhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua: Januari na Februari kabla ya masika, Agosti na Septemba kabla ya vuli.

Kisha hesabu nyingine. Chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Uliyotoa mwezi wa pili imeshafika muda wake. Itakuwa ni mkosi kuokoa kuku kwa ndui halafu kideri kikawakuta wazi. Mwombe afisa mifugo akupangie hizo chanjo mbili zisigongane.

Ndugu aliyekushauri uchinje wote, mwambie ahsante, hapana. Kuku aliyepona ndui hupata kinga ya muda mrefu, kwa kawaida maisha yake yote. Hao 11 wakivuka watakuwa kuku wa thamani kuliko walivyokuwa Aprili. Ukiwamaliza, vumbi la vigaga litabaki uwanjani, na utaleta kuku wapya wasio na kinga waje kuanza pale pale walipoanza hawa. Usiwapakie pia kwenye matenga kuwapeleka Mgandini. Kuku anayeuzwa akiwa na vigaga hulala bandani kwa mtu mwingine usiku huo huo, na mbu wa mtu huyo hawana taabu.

Na mtoto. Tetekuwanga haina undugu na ndui ya kuku. Ni kirusi cha ukoo mwingine kabisa, mtoto amekipata kwa mtoto mwenzake, shuleni au madrasa. Waingereza wameongeza mkanganyiko kwa kuuita ugonjwa huo kwa jina lenye neno "kuku" ndani yake, na watu wanalitafsiri kwenye simu na kuogopa. Jina letu nalo lina historia yake: ndui ya binadamu ndiyo iliyowatia wazee wetu makovu usoni, na mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977, ikatangazwa kutokomezwa duniani 1980. Ya kuku ni binamu yake wa mbali, na haimshiki mtu. Machi 2025 Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wa Mpox, yaani ndui ya nyani, nchini niliulizwa swali hili kila siku, na jibu lilikuwa hili hili: kuku wako hahusiki. Mtoto mpeleke zahanati kama homa ni kali, vipele vina usaha au anapumua kwa shida, usimsingizie tembe.

Mayai ya kuku mwenye ndui yanalika, na hata ukiyaatamisha, ugonjwa hausafiri ndani ya yai. Kinachoyazuia ya kwako ni ile OTC, kama nilivyosema. Nyama ni vivyo hivyo: kuku mwenye vigaga vichache, mnene, asiyetumia dawa, akichinjwa hana tatizo, kata sehemu zenye vidonda uzifukie. Aliyekonda, mwenye usaha, au aliyekunywa dawa siku chache zilizopita, mfukie mzima, hata kama ulimwahi kumchinja kabla hajawa kibudu. Najua inauma kwa jogoo wa kuchi.

Kuna mambo manne ambayo yakitokea usiningoje mimi wala mtu wa mtandaoni: kuku wengine waanze kuachama kama jogoo, wafe zaidi ya wawili kwa siku moja, uone kuharisha kijani au shingo kupinda, au kuku wafe ghafla bila kigaga chochote. Mengi ya hayo si mwendo wa ndui, na mengine sheria inataka yaripotiwe. Tanga hatuna udhuru wa kukosa mtaalamu: Buhuri kuna chuo cha mifugo, mjini kuna watafiti wa mifugo, na kata yako ina afisa wake.

Ukimpigia, usimwambie tu "kuku wangu wanaumwa," atakuahidi Jumatatu. Mwambie hivi: nina kuku 34, 11 wana vigaga vya ndui kwa wiki ya tatu, wawili hawaoni, na jogoo mmoja ana utando kooni anashindwa kupumua. Mtumie na picha ya kinywa cha jogoo, ile utakayoipiga sasa hivi kwa tochi.